Ng' Haikatwi

Hotuba niliyoitoa Morogoro mbele ya wanafunzi na mafundi wa tovuti

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu mlioketi hapa mbele, shikamooni. Vijana wa kompyuta, hamjambo? Nashukuru kwa kualikwa, na nashukuru zaidi kwa kuwa mmeniachia nichague mwenyewe la kusema. Nimechagua jambo linaloonekana dogo: namna ya kusimamisha maandishi kwenye ukurasa wa tovuti, neno lishuke kutoka juu kwenda chini badala ya kulala kutoka kushoto kwenda kulia. Wengi wenu mtadhani ni urembo. Nami nilidhani hivyo, mpaka siku wazazi wa shule nzima walipokosa alama za Hisabati za watoto wao kwa sababu ya kazi ya mikono yangu.

Ilikuwa hivi. Shule moja ya msingi iliniomba ukurasa wa matokeo ya mtihani wa majaribio wa darasa la saba. Safu ya majina, safu sita za masomo, basi. Kwenye kompyuta yangu jedwali lilinyooka kama limechorwa kwa rula. Nikakabidhi kazi. Kesho yake asubuhi mwalimu wa taaluma akanipigia. Hakuwa na hasira, alikuwa na huzuni. "Kijana wangu," akasema, "wazazi wanaona Kiswahili na Kiingereza, halafu basi. Hisabati iko wapi?"

Hisabati ilikuwa nje ya kioo. Mzazi hafungui matokeo kwenye kompyuta. Anafungua kwenye simu, akiwa dukani au shambani, na simu nyingi zilizo mikononi mwa watu wetu zina upana wa pikseli 360 hivi, vile vitone vidogo vya kupimia kioo, kwa hesabu ya CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa ukurasa. Sasa tupige hesabu pamoja. Kivinjari kina huruma kidogo: kichwa kirefu kama "Sayansi na Teknolojia" kitakikata kwenye nafasi na kukipanga mistari mitatu. Lakini neno lenyewe hakilikati. Kwa hiyo chukueni neno refu kuliko yote katika kila kichwa cha somo. Kiswahili, herufi 9. Kiingereza, 10. Maarifa, 7. Hisabati, 8. Teknolojia, 10. Maadili, 7. Jumla 51. Kwa fonti ya pikseli 14, herufi moja hula wastani wa pikseli 7. Hamsini na moja mara saba ni 357. Simu ina 360. Zimebaki pikseli tatu za kuandikia jina la mtoto.

Na chini ya kichwa kilichotanua safu yote hiyo kuna nini? Kuna 41. Tarakimu mbili. Tumekodi lori kubeba kibaba cha mchele.

Wengi tukifika hapo tunakimbilia vifupisho: KIS, HIS, S/T, U/M. Mimi sivipendi, na leo nasema wazi. Bibi anayemlea mjukuu wake ana haki ya kusoma "Uraia na Maadili" kwa ukamilifu, asibaki akijiuliza U/M ni kitu gani. Maneno ya Kiswahili ni marefu, ndivyo yalivyo, na kazi yetu ni kuyatafutia nafasi. Kila aliyewahi kuona daftari la alama la mwalimu anajua walimu walishalitatua jambo hili kwa kalamu: wanageuza daftari ubavu, wanaandika jina la somo likiwa limesimama, wanarudisha daftari, wanajaza alama. Safu inakuwa nyembamba, jina linabaki zima.

Nikataka kufanya kama mwalimu. Nikaandika `transform: rotate(-90deg)`, amri ya kugeuza kitu robo mzunguko, kwenye vichwa vyote sita. Maneno yakasimama kweli, lakini safu zikabaki na upana ule ule. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo wengi tunapopotelea. `transform` hufanya kazi baada ya kivinjari kumaliza kupima na kugawa nafasi. Viwanja vimeshapimwa, mawe ya mipaka yameshasimikwa, hati zimeshatoka. Wewe unakuja kumgeuza mwenye kiwanja ndani ya kiwanja chake. Kiwanja hakina habari. Neno "Teknolojia" limesimama, lakini eneo lake bado ni la neno lililolala. Nikalazimisha upana kwa nguvu, vichwa vikapandana, kimoja kikafunika jina la mwanafunzi wa kwanza kwenye orodha.

Nikajaribu njia ya pili, ambayo nikiikumbuka bado inaniuma. Nilikata kila neno herufi kwa herufi na kuweka `<br>`, alama ya kukata mstari, katikati. K, chini yake I, chini yake S, chini yake W. Kwa macho ilipendeza. Kisha mama mmoja asiyeona, anayetumia programu ya simu inayomsomea skrini, akaomba kijana wake ampigie simu mwalimu. Alikuwa anasikiliza matokeo ya binti yake, na simu ikawa inamtajia herufi moja moja kama mtu anayeita namba za bahati nasibu. Hakuweza kujua 41 ni ya somo gani. Nikafungua ukurasa nikatafuta neno "Kiswahili"; kivinjari kikasema halipo. Na kweli halikuwepo, nilikuwa nimelichinja.

Dawa ilikuwa mstari mmoja. Tazameni ukutani; `th` ni kichwa cha safu:

`th { writing-mode: vertical-rl; white-space: nowrap; }`

Basi. Safu sita zikasinyaa kila moja ikawa na pikseli kama 30, jumla 180, zikabaki 180 nyingine za jina la mtoto. Simu ya yule mama ikasoma "Kiswahili, arobaini na moja". Ukitafuta neno, linapatikana. Ukilinakili, linakuja zima. Tofauti na `rotate` ni hii: `writing-mode` kivinjari hukisoma kabla ya kupima. Unakiambia mapema, "Mpangaji huyu anaishi wima," nacho kinapima kiwanja cha mtu wa wima.

Nilipomaliza kufurahi nikajiuliza: nani alituwekea kitu hiki? Maana hakika hakikuwekwa kwa ajili ya matokeo ya darasa la saba.

Kiliwekwa kwa sababu kuna watu ambao kwao wima ndiyo njia ya kuandika. Mjapani akifungua riwaya au gazeti, mstari unaanza juu upande wa kulia, unashuka mpaka chini, kisha mstari wa pili unaanza kushoto kwake. Kitabu chake kinafunguka kutokea upande ambao sisi tungeuita jalada la nyuma. Waliopita madrasa wanajua kitabu cha namna hiyo. Mkono unakwenda kulia wenyewe. Lakini kitabu cha hesabu cha mtoto yule yule wa Kijapani kimeandikwa kwa ulalo, kama chetu. Wanaishi na njia mbili. Wachina walikuwa wima kwa karne nyingi. Gazeti la Umma la Beijing liligeukia ulalo tarehe 1 Januari 1956, na Taiwan ikageuza nyaraka za serikali tarehe 1 Januari 2005. Wajapani hawakuiacha wima kwenye riwaya na magazeti yao.

Sasa fikirini intaneti ilivyowakuta. Ukurasa wa tovuti ulizaliwa na watu wa ulalo, na kila kitu ndani yake kilisema kushoto, kulia, juu, chini kana kwamba dunia nzima inaandika vile. Mjapani aliyetaka shairi lishuke ilibidi aliweke kama picha. Picha haitafutiki, haisomeki kwa asiyeona, haikui ukikuza fonti. Ni maumivu yale yale niliyompa yule mama, ila wao walipewa kama taifa.

Microsoft waliitia sifa ya `writing-mode` kwenye Internet Explorer 5.5 mwaka 2000, lakini vivinjari vingine havikufuata kwa miaka mingi. Mwaka 2009 kundi la wataalamu, wengi wao Wajapani, lilichapisha kupitia W3C, shirika linalosimamia kanuni za wavuti, waraka mkubwa unaoeleza kwa Kijapani na kwa Kiingereza jinsi maandishi yao yanavyopangwa: nukta inakaa wapi, mabano yanageuka vipi, mstari usianze na alama gani. Hawakuishia kulalamika kwamba vivinjari haviwatendei haki. Waliketi wakaandika kanuni za lugha yao ukurasa kwa ukurasa, mtu wa California asiyejua hata herufi moja ya Kijapani aweze kuzitekeleza. Firefox ikaanza kuandika wima mwaka 2015. Chrome ikaikubali sifa hiyo kwa jina lake rasmi mwaka 2016, Safari 2017. Na tarehe 10 Desemba 2019 kanuni yenyewe, iliyohaririwa na Elika Etemad na Koji Ishii, ikapitishwa rasmi. Tangu Internet Explorer 5.5 ni miaka kumi na tisa. Mstari wangu mmoja ulioniokoa kwa yule mwalimu wa taaluma ulikuwa na miaka kumi na tisa ya jasho la watu wengine ndani yake.

Niwaonyeshe kwa karibu jambo moja tu la Kijapani, mwone kwa nini picha iliyogeuzwa haiwezi kutosha. Neno lao la kahawa hutamkwa koo-hii, na sauti ndefu huandikwa kwa kistari. Kwenye ulalo kistari kimelala: コーヒー. Mkisimamisha neno hilo, herufi zinabaki zimesimama wima kama zilivyo, lakini vile vistari viwili lazima visimame pia, vielekee chini, la sivyo vinakata njia ya macho kama gogo barabarani. Na nukta yao, ambayo kwenye ulalo inakaa pembe ya chini kushoto ya chumba chake, kwenye wima inahamia pembe ya juu kulia. Kwa hiyo ndani ya mstari mmoja kuna herufi zisizogeuka, alama zinazogeuka na alama zinazohama. Unicode, shirika linaloorodhesha herufi za lugha zote kwa ajili ya kompyuta, wana jedwali zima, Kiambatisho namba 50 cha kanuni yao, linaloeleza kila herufi duniani itasimama au italala ikikutwa kwenye mstari wa wima. Herufi zetu za Kilatini zimo humo: zinalala ubavu, kichwa kuelekea kulia. Ndiyo maana "Kiswahili" kwenye jedwali langu lilijilaza lenyewe bila mimi kusema neno.

Jirani zao Wamongolia wana habari nyingine, na hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Maandishi yao ya jadi nayo yanashuka, lakini mistari inakwenda kutoka kushoto kwenda kulia, kinyume na Wajapani. Kwa nini? Naombeni karatasi yoyote yenye maandishi ya Kiarabu. Ahsante, kijana. Tazameni. Mstari unaanza kulia unakwenda kushoto, na mistari inapangana kutoka juu kwenda chini. Sasa naigeuza robo mzunguko, kinyume cha mishale ya saa, ule ukingo wa kulia uje juu. Mnaona? Kila mstari sasa unaanzia juu na kushuka. Na mstari uliokuwa wa kwanza, uliokuwa juu, sasa uko kushoto kabisa. Hiyo ndiyo njia ya Kimongolia. Maandishi yao waliyapokea kwa Wauighuri mwanzoni mwa karne ya 13, Wauighuri waliyatoa kwa Wasogdia wa Asia ya Kati, na asili yake ni maandishi ya Kiaramu ya Mashariki ya Kati yaliyokwenda kulia kushoto. Njiani huko yakageuzwa yakasimama. Na Kiarabu nacho kimetoka kwenye ukoo huo huo wa Kiaramu. Maana yake herufi ambazo washairi wa Pate na Lamu waliandikia tenzi zao na herufi za Kimongolia ni binamu, mmoja amelala na mwingine amesimama.

Katika miaka ya 1940 Mongolia iliyaacha na kuchukua herufi za Kirusi, ingawa Wamongolia wa ndani ya China waliendelea nayo. Sheria yao ya mwaka 2015 iliagiza kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2025 nyaraka za serikali ziandikwe kwa njia zote mbili. Sheria kama hiyo isingewezekana kwenye tovuti bila thamani moja ndogo: `vertical-lr`. Ukurasa wao haukui kwenda chini, unakua kwenda kulia, na msomaji anausogeza ubavu.

Sasa majina hayo mtayaelewa bila kukariri. Jina la kwanza linasema maandishi yamelala au yamesimama. Herufi mbili za mwisho zinasema mistari inapangana kuelekea wapi. `horizontal-tb` ni sisi: yamelala, mistari juu kwenda chini. `vertical-rl` ni Wajapani: yamesimama, mistari kulia kwenda kushoto. `vertical-lr` ni Wamongolia. Kwa kichwa cha jedwali chenye mstari mmoja, hizo mbili za mwisho hazina tofauti utakayoiona.

Mtaniuliza: mwalimu kwenye daftari anaandika kutoka chini kwenda juu, mbona hiyo inashuka? Ni kweli, na mimi pia napenda ya mwalimu, kwa sababu neno linaanza karibu na alama zake. Ipo thamani iitwayo `sideways-lr` kwa kazi hiyo hasa. Firefox wanayo tangu 2015, lakini Chrome na Safari waliipokea mwaka 2025 tu, na simu nyingi za wazazi wetu ni za zamani. Kwa hiyo kwa sasa tumieni `vertical-rl` pamoja na `rotate(180deg)`. Hapo nageuza, ndiyo, niliyetoka kuwakataza. Lakini sanduku likigeuzwa nusu mzunguko, urefu na upana wake haubadiliki. Kiwanja ni kile kile, mwenyewe tu ameangalia upande wa pili.

Nije kwenye zawadi ambayo wengi hawajui kwamba wanaitumia kila siku. Kivinjari kilipolazimika kuandika wima, maneno "kushoto" na "kulia" yalikosa maana. Nafasi ya kushoto ya aya iko wapi kama aya imesimama? Ndipo yakaja majina mengine: mwanzo na mwisho wa mstari, mwanzo na mwisho wa aya. `margin-inline-start` ni mahali mstari unapoanzia, popote palipo. Kwa Kiswahili ni kushoto, kwa Kiarabu ni kulia, kwa Mjapani aliyesimama ni juu. `inline-size` ni urefu wa mstari, uwe umelala au umesimama. Mwenye tovuti ya Kiswahili na Kiarabu pamoja, na huko pwani na Zanzibar wapo, akiandika kwa majina hayo haandiki ukurasa mara mbili.

Sasa turudi nyumbani. Nimewaeleza Wajapani walivyosema mahitaji yao na Wamongolia walivyosema yao. Sisi je? Kiswahili kikisimama kinahitaji nini?

Jibu la kwanza nililipata kwenye nguzo ya bucha. Jirani yangu mmoja ni fundi wa kuchora mabango. Siku moja alikuwa anaandika NG'OMBE kwenye nguzo nyembamba, herufi zimesimama, moja juu ya nyingine. Nami siku hizo nilikuwa najifunza thamani ya `text-orientation: upright`, ambayo inazizuia herufi zetu zisilale, zisimame kila moja kwenye chumba chake. Nilikuwa nimeliandika neno hilo hilo kwenye kompyuta na nilikuwa sijapenda nilichokiona: N, chini yake G, chini yake ritifaa peke yake katikati ya ukuta mtupu, kisha O, M, B, E. Ghorofa saba, na ghorofa moja nzima imepangishwa ritifaa. Fundi yule alikuwa na ghorofa tano. Juu kabisa aliandika NG' zikiwa zimebanana pamoja kwenye chumba kimoja, kisha O, M, B, E. Nikamuuliza kwa nini. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu viwili. "Hiyo ni sauti moja," akasema, "utaikataje?"

Nilirudi nyumbani mbio. Maana kwa Wajapani kuna kitu kama hicho. Wakiandika tarehe kwenye mstari wa wima, tuseme siku ya 10 ya mwezi wa 12, hawaweki 1 juu ya 2. Tarakimu mbili zinalazwa pamoja ndani ya chumba kimoja, kisha mstari unaendelea kushuka. Wanaita tate-chu-yoko, maana yake ulalo ndani ya wima, na CSS inaiita `text-combine-upright: all`. Nikaifunga NG' ndani ya `<span>`, kifuko cha kuzungushia maandishi, nikaipa sifa hiyo, kivinjari kikazibana herufi mbili na ritifaa yake kwenye chumba kimoja. Ghorofa tano. Kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya kalenda ya Kijapani kimeitunza sauti ya Kiswahili, na waliokitengeneza hawakujua kama kuna neno ng'ombe.

Fanyeni hivyo hivyo kwa CH, SH na NY mkiona inafaa. Mimi naona inafaa. Angalizo moja tu: chumba ni kimoja na upana wake haubadiliki, kwa hiyo mkisukuma herufi nne humo zitakonda mpaka zisisomeke.

Jibu la pili ni la fundi yule yule, kwenye mlango wa kinyozi. Pale hakuandika herufi moja moja hata kidogo. Aliandika KI, chini yake NYO, chini yake ZI. Mtoto wa darasa la kwanza angelisoma bila kusita, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa sote: ba, be, bi, bo, bu. Kiswahili kinasomwa kwa silabi, na silabi zetu karibu zote zinaishia kwa irabu, hivyo pa kukatia panajulikana. Neno la Kiingereza ukilikata hivyo linapata taabu. Letu linapumua.

Na kwa kazi hiyo, jamani, hamhitaji hata `writing-mode`. Andikeni `KI<wbr>NYO<wbr>ZI` na mlipe sanduku lake `inline-size: min-content`. Ile `<wbr>` inakiambia kivinjari, "hapa ruhusa kukata, wala usiweke kistari", na `min-content` inalibana sanduku mpaka libaki na upana wa silabi pana kuliko zote. Mistari mitatu: KI, NYO, ZI. Ukitafuta "KINYOZI" kwenye ukurasa, lipo. Ukilinakili, linakuja neno moja. Nilipoteza wiki nzima nikisimamisha kile ambacho fundi wa mabango alikiacha kimelala, akakikata tu mahali pake.

Naomba msinielewe vibaya mkaenda kusimamisha kila kitu. Herufi za Kilatini zilizolala ubavu zinasomeka kwa taabu, shingo inapinda. Kichwa cha jedwali, sawa. Jina la sehemu ukingoni mwa ukurasa, sawa. Aya nzima ya habari, hapana, hata ikipendeza namna gani kwenye picha ya mbunifu. Mjapani anasoma wima kwa sababu herufi zake zimesimama na macho yake yamezoea tangu utoto. Sisi tunampa msomaji wetu karatasi iliyoanguka ubavu.

Kuna kazi moja ambayo bado haijafanywa, na sioni nani ataifanya kama si watu waliomo ndani ya ukumbi huu. Wale Wajapani wa 2009 waliandika kanuni za lugha yao. Za Kiswahili zikiwekwa wazi, kwamba ng' ni sauti moja, kwamba silabi hukatwa hivi na si vile, kwamba ritifaa haibaki peke yake mwanzo wa mstari, mtengeneza kivinjari hana sababu ya kukisia. Walimu wa Kiswahili mnao hapa hapa chuoni, ofisi zao ni mlango wa pili kutoka maabara yenu. Mafundi wa mabango mnao barabarani, wameshalifikiria jambo hili kwa brashi kwa miaka mingi. Piga picha ya nguzo unayoipita kila siku, muulize aliyeiandika kwa nini alikata pale.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na ana haki. Tutakwenda maabara sasa. Nimewawekea kila kompyuta lile jedwali langu la kwanza, na vichwa sita vimelala kama nilivyoviacha siku ile Hisabati ilipopotea. Punguzeni dirisha mpaka pikseli 360 kwanza, mlione tatizo kwa macho yenu. Kisha anzeni na "Uraia na Maadili". Programu ya kusoma skrini imeshawashwa kwenye kompyuta zote. Vaeni vipokea sauti, fumbeni macho, msikilize kama neno limefika zima.